Nimechoka kuchekwa kwenye karata za ukweni

SWALI

Mjomba, hujambo?

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Lanet hapa Nakuru. Nililelewa na wazazi waliookoka, na kwetu karata hazikuwahi kuvuka mlango. Mama alisema ni kamari, na kamari ni ya shetani, mjadala ukafungwa hapo. Tulicheza bano, kati na ludo (ludo waliiruhusu ingawa ina dadu, usiniulize kwa nini). Karata nilikuwa nazionea tu kwa vijana wa bodaboda wakisubiri abiria.

Nimeolewa Shinyalu, upande wa Kakamega, na huko mambo ni kinyume kabisa. Iwe Krismasi, iwe Pasaka, iwe watu wamekutana tu kwa matanga, sahani zikishaondolewa karata zinatoka. Wanacheza wote, kuanzia baba mkwe, ambaye ni mzee wa kanisa, hadi mtoto wa gredi ya tatu. Mchezo wao ni kadi, ile ya kusema "niko kadi". Kwa miaka mingi nimekuwa nikijificha jikoni, naosha hata vyombo vilivyo safi. Desemba iliyopita mama mkwe mwenyewe akaniita: "Achana na hizo sufuria, njoo uketi na wenzako." Ningekataaje?

Mjomba, niliona haya siku hiyo. Nilitupa Q nikanyamaza, wakaanza kupiga kelele, "Jibu! Jibu!" Nikauliza nijibu nini, kwani nani ameniuliza? Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Baadaye nikabaki na kadi moja, K, nikaitupa nikapiga na kigelegele. Kumbe K haimalizi, na tena sikuwa nimetangaza kwamba niko kadi. Nikaokoteshwa, nikaendelea kucheza wenzangu wote wakinitazama kama sinema.

Anayeniudhi zaidi ni wifi yangu. Kila nikishika maana ya kadi fulani, yeye anatoa sheria nyingine. Mara A inazuia adhabu, mara haizuii. Mara unaweza kutupa kadi mbili pamoja, mara ni moja tu. Na sheria mpya kila mara zinamfaa yeye. Mume wangu nikimwomba anifundishe tukiwa nyumbani, anaeleza kidogo kwa haraka halafu anasema, "Utashika tu ukicheza," anarudi kwa mpira wake.

Kuna lingine. Wakati fulani baba mkwe ndiye alikuwa anacheza baada yangu, nami nilikuwa na joka, yaani joker, mkononi. Mjomba, nimtupie baba mkwe joka aokote kadi tano? Mimi ambaye hata mkono simpi, namsalimia nikiwa mbali? Nikaishikilia hadi mchezo ukaisha, ikaniangusha mimi. Na sasa shemeji yangu mdogo anasema Agosti, shule zikifungwa, kila mchezaji awe anaweka shilingi hamsini mezani "ili mchezo uchangamke".

Agosti si mbali. Nijifunze hii kitu, ama niendelee na vyombo vyangu?

Mama Wawili, Lanet


MJOMBA ANAJIBU

Mama Wawili, salamu nyingi. Jikoni usirudi. Kuna wakwe wanaotamani kuitwa hivyo na mama wa nyumba na hawaitwi, kwa hiyo nafasi uliyopewa ikalie.

Nitaanza na mchezo wenyewe, kwa sababu nusu ya hofu yako itaisha ukiuelewa, na kwa sababu inaonekana hakuna mtu aliyewahi kukueleza kwa utaratibu.

Pakiti ina kadi 54: zile 52 za kawaida na joka mbili. Kila mtu anagawiwa nne, nyumba zingine tatu. Moja inafunuliwa katikati, zilizobaki zinawekwa kando zikiwa zimefunikwa. Zamu yako ikifika unatupa kadi inayofanana na ile ya juu, ama kwa namba ama kwa alama, yaani kopa, almasi, maua au jembe. Huna, unaokota moja. Anayemaliza zake kwanza ndiye mshindi. Mtoto wa chekechea anaweza hayo.

Utamu uko kwenye kadi zenye kazi. J inamruka anayekufuata. K inageuza mzunguko, mchezo uliokuwa unakuja kwako unarudi ulikotoka. 2, 3 na joka ni adhabu: anayekufuata anaokota mbili, tatu, au tano, na zamu yake imepotea. A inakuruhusu kubadilisha alama, na katika nyumba nyingi ndiyo inayozuia adhabu. Ukitupiwa joka nawe una A, unaiweka, mambo yanaishia hapo.

Q na 8 ndizo zilizokufanya uchekwe, nami nitakaa hapo kidogo. Hizi ni maswali, na mtu anayeuliza ndiye huyo huyo anayejibu, katika zamu hiyo hiyo. Ukitupa Q ya kopa ni lazima uifuatishe na kopa nyingine. Huna kopa, unaokota. Kwa hiyo walipokupigia kelele ujibu, walikuwa wanangoja uifunike Q yako mwenyewe. Hakuna aliyekueleza, wakaona ni vichekesho. Lakini hebu ona upande wa pili wa swali. Una Q ya kopa, 8 ya kopa, 8 ya maua na 6 ya maua. Unatupa Q, unaifunika na 8 ya kopa, ambayo nayo ni swali. Unaweka 8 ya maua juu yake kwa sababu namba ni moja, halafu unajibu yote na ile 6. Kadi nne zimeondoka kwa zamu moja, na wifi bado anapanga zake mkononi. Anayeogopa maswali hashindi mchezo huu, anashinda anayeweka jibu lake tayari.

Sasa kumaliza. Humalizi na kadi yenye kazi. Unamaliza na kadi za kawaida: 4, 5, 6, 7, 9 na 10. Zihesabu: namba sita, kila moja mara nne, ni kadi 24. Hizo nyingine 30 zote zina kazi. Maana yake kadi ya kumalizia ni adimu kuliko kadi ya kutisha, lakini karibu kila mgeni wa mchezo huu hufanya kinyume. Anatupa 6 na 9 zake mapema akiziona hazina maana, anakumbatia joka, K na J kama mali. Mwisho wa mchezo ana mkono uliojaa vitisho na hana cha kumalizia. Ndivyo K yako ilivyokufanyia. Wewe shika kadi mbili za kawaida za alama moja, zifiche hadi mwisho, na hizo za vita uzitumie wakati bado watu wana kadi nyingi.

Kuhusu "niko kadi", unaitangaza unapomaliza zamu yako, pale unapoona zamu ijayo unaweza kutupa zote zilizobaki. Si lazima ibaki moja. Swali na jibu lake zinatoka pamoja, kwa hiyo hata ukiwa na mbili au tatu unaweza kuwa kadi. Usiposema, hata ukiwa na kadi nzuri namna gani, humalizi. Ukisema, meza nzima inakugeukia. Aliye kabla yako ataitoa ile 3 aliyokuwa ameificha, na aliye baada yako anaomba Mungu mtu atupe K. Kwa hiyo wazoefu hawaharakishi kutangaza. Nimeona vijana wanaotangaza mapema kwa majivuno, wakaishia kuokota hadi mkono mmoja hautoshi kushika.

Namna ya kujifunza. Mume wako usimlaumu sana. Mtu aliyejifunza kitu akiwa na miaka sita hajui kwamba kuna siku alifunzwa. Yeye anaona kama alizaliwa nacho, na ndiyo maana hawezi kukueleza. Tafuta mwalimu mwingine, na mwalimu bora kwa kazi hii ni mtoto. Yule wa gredi ya tatu akija kwenu likizo, mwambie akufundishe wewe na watoto wako pamoja. Mtoto hakuoni mjinga. Atakurudia sheria moja mara kumi, na ukikosea atakwambia umekosea, basi.

Nunua pakiti yako iwe nyumbani, na ukipata zile za plastiki chukua hizo. Za karatasi zikishaguswa na vidole vya maandazi zinakunjika, na joka yenye sikio lililokunjika watu wanaijua hata ikiwa imefunikwa. Usiku wa kwanza toa pembeni kadi zote zenye kazi isipokuwa J na K, kila mtu alaze kadi zake wazi mezani, mcheze mkiongea: "Mimi natupa hii kwa sababu hii." Hakuna siri, hakuna mshindi wa maana. Mkizoea, rudisha Q na 8 muone jinsi swali linavyofunikwa. Adhabu na A ziwe za mwisho. Kadi zikishakuwa zote ndani, ndipo mfiche mikono. Wiki kadhaa za hivyo, baada ya chakula cha jioni, na Agosti utaketi bila kutetemeka.

Kuna watakaokwambia upakue programu kwenye simu. Si mbaya kwa kuzoesha macho, lakini programu nyingi zitakukatalia tu kadi isiyofaa bila kukueleza kwa nini. Tena simu haitakufundisha kitu kikubwa zaidi, ambacho ni sheria za nyumba ile ya Shinyalu.

Hapo ndipo tunamfikia wifi. Sitamtetea, lakini pia sitasema ni mwongo kabla ya kusikia upande wake, kwa sababu mchezo huu hauna kitabu. Kila boma lina sheria zake, na hata mtaa mmoja na mwingine hapo Nakuru hazilingani. Kuna nyumba ambazo 2 inaweza kurushwa mbele ukiwa na 2 yako, na zingine ni A pekee inayookoa. Kuna wanaokubali joka juu ya kadi yoyote, na wanaotaka rangi zifanane. Kuna ambao A ya jembe ina nguvu ya A mbili: unaitaja kadi kamili unayoitaka, namba na alama. Kuna wanaokubali utupe 7 mbili kwa pamoja na wanaokataa. Yote ni sahihi, mradi yamesemwa kabla ya kugawa.

Ugomvi wa namna hii si wa Kakamega peke yake. Mwaka 1971, huko Reading katika jimbo la Ohio, Marekani, kinyozi mmoja aitwaye Merle Robbins alibishana na mwanawe kuhusu sheria za Crazy Eights, mchezo wa ukoo mmoja na hii kadi yetu. Akaamua kutengeneza pakiti ambayo kazi ya kila kadi imeandikwa juu yake, asiwepo wa kubisha. Ndiyo hiyo UNO unayoiona kwenye maduka makubwa. Ukiitazama vizuri utazikuta J, K na 2 zetu humo ndani: ruka, geuza, okota mbili.

Wewe huna haja ya kuchapisha kadi. Agosti, kabla ya mtu kugawa, sema kwa sauti ya kawaida, bila kumtazama wifi: "Mimi bado mgeni, hebu tukubaliane kwanza. A inazuia? Adhabu inarushwa? Namba zikifanana natupa ngapi? Joka inaingia juu ya rangi yoyote?" Waulize wote, na subiri mzee ajibu. Akishasema mzee mbele ya watu, wifi akibadilisha katikati ya mchezo si wewe utakayemkemea. Watoto watamkemea. Watoto ndio mahakimu wakali kuliko wote kwenye karata.

Sasa baba mkwe, na hapa nakushauri kwa tahadhari, maana mila za heshima kati ya mkwe na baba mkwe hazifanani katika koo zote za Waluhya, na hata ndani ya ukoo mmoja kuna nyumba zilizolegeza na zilizokaza. Usiniulize mimi niliye mbali. Muulize mke wa kaka mkubwa wa mume wako, ambaye ameolewa hapo kabla yako na anajua mzee huyu anapenda nini na anakwepa nini. Ila naona jambo moja: yeye mwenyewe anaketi mchezoni na wake za wanawe, na mama mkwe ndiye aliyekuita. Mzee asiyetaka kutupiwa kadi na mkwe asingekaa hapo.

Ukitaka kupunguza shida, angalia unapoketi. Wengi hudhani ukiketi kiti kimoja tu kutoka kwa mtu umeokoka, lakini K ikigeuza mzunguko, aliyekuwa kabla yako anakuwa baada yako, na J mbili zinaweza kuwaruka waliokuwa katikati. Keti mkabala naye, upande wa pili wa meza, wachezaji wengi wakiwa kati yenu pande zote mbili. Kadi weka mezani, usimpe mkononi. Na ikitokea zamu yake ni baada yako nawe una joka, itupe. Sema, "Baba, utanisamehe," kisha itupe. Ulivyoishikilia Krismasi, sidhani hakuona. Wazee waliocheza karata miaka hii yote wanajua nani ana nini, na kumhurumia mzee mbele ya wajukuu zake ni kumwambia amezeeka. Yeye akiwa na 3, je, amewahi kukuhurumia? Nina shaka.

Hizo shilingi hamsini za shemeji zikatae, na hapo sina maneno mengi. Karata bila pesa ni mchezo wa familia. Ukiweka pesa, hata kidogo, mtu anaanza kuhesabu amepoteza ngapi, wifi anapata sababu mpya ya kubadilisha sheria, na baba mkwe, mzee wa kanisa, anawekwa mahali pabaya nyumbani kwake. Usimpinge shemeji hadharani. Mwambie mume wako aongee naye kabla ya safari, ndugu kwa ndugu. Kama lazima kuwe na kitu cha kushindania, anayebaki na kadi nyingi aende dukani kuwaletea wenzake soda, kwa miguu, hata kama ni jua la saa nane.

Mama yako sasa. Hukuniuliza, lakini nimelisoma ndani ya barua. Ukileta pakiti nyumbani Lanet watoto watamwambia, kwa sababu mtoto aliyeshinda karata hajui kunyamaza. Mpigie simu wewe kwanza. Mwambie ni mchezo wanaocheza na babu yao wa Shinyalu, kwamba hakuna senti inayowekwa, na kwamba siku akija kuwatembelea zitakaa kabatini kama hataki kuziona. Akikasirika, mwache akasirike, na usimkumbushe habari ya dadu za ludo siku hiyo hiyo.

Mjomba